Cheti cha Jumamosi

Jumamosi tarehe 14 Desemba 2019, saa nane mchana, Agnesi Nkya alifunga ndoa kanisani huko Machame, mkoani Kilimanjaro, na Elisaria Munisi, mwanamume ambaye tayari alikuwa amezaa naye watoto watatu. Cheti kipo. Penye hali ya bibi harusi kabla ya ndoa pameandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu, neno moja: hajaolewa.

Cheti hicho kilikaa miaka minne na miezi minane ndani ya fremu ya dhahabu, sebuleni kwa Agnesi, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo. Hakuna aliyekisoma. Kilifutwa vumbi kila Jumamosi, pamoja na picha za watoto na kalenda ya kanisa.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba sita, ya chini, yenye baraza mbele na ua nyuma, na imebanwa na maghorofa pande tatu. Jua huingia uani saa sita na kutoka saa saba. Elisaria aliinunua mwaka 2001 kwa warithi wa mzee mmoja wa Kizaramo, wakati watu wa Machame waliokuwa na akili, kama anavyopenda kusema mwenyewe, walikuwa wakinunua viwanja vya kujenga, siyo vibanda vya watu. Leo kibanda hicho kinatolewa macho na kila mwenye ghorofa mtaani. Vyumba viwili vya mbele ni maduka. Kimoja ni cha Agnesi, anauza vyombo kwa jumla: sufuria, chupa za chai, sahani za melamini kwa dazeni. Kingine amepanga Hafidhi, mtu wa Lindi, muuza vitenge, tangu mwaka 2004.

Jumanne tarehe 13 Agosti mwaka huu wa 2024, asubuhi, wanaume wawili walikuja na utepe wa kupimia. Mmoja alishika ncha ya utepe kwenye kona ya baraza. Mwingine, mwenye shati jeupe na kalamu sikioni, alikuja moja kwa moja hadi alipokuwa Agnesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hunikumbuki? Onesphory. Nilikuja hapa mwaka ule, ukanipa chai na vitumbua. Vitumbua vya maana kweli."

Agnesi alimkumbuka. Ilikuwa Machi 2019. Onesphory alikuja na karatasi zake, akasema wanapima majengo, na Agnesi alidhani ni mambo ya kodi ya majengo. Alimtembeza chumba kwa chumba. Alimwonyesha hata vigae vipya vya bafuni. Onesphory aliandika, akapiga picha, akala vitumbua vinne, na wakati wa kuondoka akasema, "Mungu akubariki, mama mwenye nyumba."

"Kaa basi, chai ipo," Agnesi alimwambia.

"Leo sinywi, mama. Nina haraka kidogo."

"Manispaa wanawakimbiza hivyo?"

Onesphory alitazama utepe wake. "Sikutoka manispaa mama. Ni benki."

"Benki gani? Hapa hatudaiwi."

Onesphory alihesabu milango kwa kidole, akaandika, akapiga picha ya paa akiwa amesimama katikati ya barabara huku mkokoteni ukimpigia kelele apishe. Alipomaliza alirudi kwa heshima ileile.

"Muulize mzee, mama. Mzee anajua."

Mzee hakuwepo. Elisaria alikuwa Machame tangu tarehe 4 Juni. Aliaga kwamba anakwenda kusimamia migomba, kwamba mdogo wake amezembea na shamba linaliwa na magugu. Mwezi mmoja ukawa miwili. Akipigiwa anasema mvua, halafu anasema mtandao, halafu mtandao unakatika kweli. Agnesi hakuona ajabu. Mwanamume wa miaka sitini na mmoja akianza kupenda migomba, watu wa kwao husema amekua.

Siku tisa baadaye, Alhamisi, Hafidhi alimwita kutoka barazani.

"Mama Brightness! Njoo uone, Mangi ametoka gazetini!"

Hafidhi amemwita Elisaria Mangi kwa miaka ishirini, kama watu wa Dar wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka, na kwa miaka ishirini Elisaria amejibu kwamba mangi ni chifu, na chifu hapangishi watu wanaolipa kodi kwa awamu.

"Ameshinda nini?" Agnesi alijibu bila kuinua kichwa. Alikuwa akihesabu vifuniko.

"Njoo usome mwenyewe. Miwani yangu leo haioni vizuri."

Hafidhi hajawahi kuvaa miwani. Agnesi aliweka vifuniko chini.

Tangazo lilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa, kati ya gari lililotelekezwa na kiwanja cha Kigamboni. Lilisema kwamba kwa amri ya benki yenye rehani, dalali atauza kwa mnada wa hadhara nyumba iliyopo Mtaa wa Mchikichi, mali ya Elisaria Ndetaulwa Munisi, Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024 saa nne asubuhi, mahali ilipo. Mchana huohuo kijana wa dalali alikuja na gundi na kubandika tangazo lenyewe mlangoni, juu ya kibandiko cha sensa. Wateja wawili waliokuwa wakichagua chupa za chai walisoma, wakaangaliana, wakasema watarudi kesho.

Agnesi alifungua kabati la Elisaria kwa bisibisi. Chini ya suti ya harusi palikuwa na bahasha ya kaki, nene, imejaa karatasi za Kiingereza zenye mihuri. Hakuzielewa zote. Aliielewa sahihi ya mume wake, ambayo huanza kama mlima na kuishia kama nyoka, na ilikuwa kwenye kila karatasi.

*

Wakili aliyempata anaitwa Ritha Kalokola, ofisi yake iko ghorofa ya tatu karibu na Posta, juu ya duka la miwani. Ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, haongei kwa sauti kubwa, na ana tabia ya kupanga karatasi kwa tarehe kabla ya kusema neno. Jumatatu tarehe 26 Agosti alizipanga za Elisaria mezani kama mtu anayepanga karata, huku Agnesi amekaa mbele yake, kitu chembamba kilichofungwa kwenye khanga kikiwa mapajani.

"Tuanze na taarifa," Ritha alisema. "Benki haiwezi kuamka tu na kuuza. Lazima impe mkopaji taarifa ya maandishi kwamba ameshindwa, na siku sitini za kurekebisha. Wengi tunawakamatia hapo. Wametuma kwenye sanduku la posta lililokufa, au hawakutuma kabisa."

"Sisi hatukupata kitu."

Ritha aligeuza karatasi moja. "Mzee alipata. Alisaini tarehe 3 Juni."

Tarehe 4 Juni alipanda basi. Agnesi alihesabu kwa vidole chini ya meza: Juni, Julai, mpaka mwanzo wa Agosti. Siku sitini zilikuwa zimeisha yeye akiuza sufuria.

Ritha aliendelea, polepole, akimwonyesha kila mlango na kuufunga. Tangazo la mnada linatakiwa litoke siku zisizopungua kumi na nne kabla. Hili lilikuwa na kumi na sita. Mkopaji anaweza kulipa deni lote wakati wowote kabla nyundo haijagonga, na nyumba ikabaki yake. Deni lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, na Agnesi alipoliona aliomba maji. Mkopaji anaweza kuomba mkopo upangwe upya, au kuomba aiuze nyumba mwenyewe kwa bei ya soko, alipe, abaki na chenji. Lakini kwa hayo yote anatakiwa mkopaji, ana kwa ana na benki, na mkopaji alikuwa kwenye migomba.

"Wakiiuza kwa bei ya kutupa?"

"Bei ikishuka chini ya robo tatu ya bei ya soko, tunaweza kwenda kupinga. Ila hapo nyumba imeshakwenda, mama. Unapigania karatasi huku mtu anavunja ukuta."

Kisha alivuta karatasi ya mwisho karibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilibadilika.

"Hii umeiona?"

"Imeandikwa Kiingereza."

"Ni kiapo. Tarehe 22 Machi 2019, mbele ya kamishna wa viapo, Elisaria Munisi ameapa kwamba hana mke."

Chini, barabarani, konda alikuwa akiita Mbagala, Mbagala. Agnesi alisubiri hadi gari likaondoka.

"Anasema nini?"

"Hana mke. Hajaoa. Ndiyo maana hukuitwa kusaini. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na wewe ridhaa hukutoa. Mama Brightness, nasema hivi kwa uangalifu: hapa pana kesi. Wewe ni mke wake au si mke wake?"

Agnesi alitabasamu. Ndiyo maana alikuja na ile fremu. Alifungua khanga taratibu, akaiweka mezani, akaisukuma mbele kwa vidole viwili.

"Soma," alisema.

Ritha alisoma. Alisoma tena. Aliitoa miwani yake, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa.

"Desemba 2019."

"Tarehe kumi na nne. Matarumbeta yalitoka Moshi mjini."

"Kiapo ni cha Machi. Miezi tisa kabla." Ritha aliweka ncha ya kalamu kwenye kioo cha fremu, juu ya neno la buluu. "Na hapa, mama, wewe mwenyewe umesaini kwamba mpaka siku ile ya harusi, ulikuwa hujaolewa."

*

Ukweli ni kwamba Agnesi aliolewa Aprili 1997. Aliolewa kama walivyoolewa dada zake: pombe ya mbege ilipelekwa kwa baba yake mara tatu, mbuzi waliletwa, mjomba akahesabu na kukubali, na jioni moja shangazi zake walimsindikiza hadi kwa akina Munisi akiwa amefunikwa khanga mbili. Mwezi uliofuata alikuja Dar es Salaam na Elisaria, kwenye chumba cha kupanga karibu na Mto Msimbazi. Brightness alizaliwa mwaka 1998. Ndoa ya kanisani wakaiahirisha, kwanza kwa sababu ya mtoto, kisha kwa sababu ya mtaji, kisha kwa sababu ya mazoea.

Mtu wa kwao anayeishi hivyo hunyimwa vitu vidogo. Hakaribii meza ya Bwana. Hachaguliwi kwenye uongozi wa kina mama. Kila Desemba, kila gari la Kariakoo linapopanda kwenda Kilimanjaro, Agnesi alikaa benchi la nyuma kanisani na kuangalia harusi za watoto wa rafiki zake.

Katikati ya mwaka 2019 Elisaria alisema, bila kuulizwa, kwamba imetosha. Watafunga ndoa Desemba. Agnesi alilia jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike.

Mzee wa kanisa aliyewaandikisha anaitwa Ansbert. Aliwaweka kwenye viti vya plastiki, akafungua daftari, na kuwapa njia mbili.

"Mkiniambia mlishaoana kimila, naandika hivyo, na mchungaji anaibariki ndoa yenu. Inakuwa Jumatano asubuhi, watu kumi, nusu saa mmemaliza. Shela hakuna. Mtu habarikiwi kwa shela, mama, ameshaolewa huyo. Mkiniambia hamjaoana, mlikuwa mnaishi tu, basi mtatubu mbele ya wazee, na mtapata Jumamosi yenu kamili, kama vijana."

Aliwatazama wote wawili. Elisaria alitazama dirishani. Agnesi alikuwa na miaka arobaini na saba. Katika maisha yake alikuwa amekodisha sahani kwa harusi zaidi ya mia mbili.

"Andika hatujaoana," alisema.

Jumamosi ile ilikuwa na kila kitu. Brightness, aliyekuwa na miaka ishirini na moja, alishika mkia wa gauni la mama yake. Kwenye ukumbi, mshereheshaji alimwinua bibi harusi na kupaza sauti: "Jamani, wengine wanachumbiwa mwaka mmoja, huyu kachumbiwa miaka ishirini na miwili! Baba kaonja, kaonja, kaonja, leo ndiyo anasema pishi limeiva!" Watu mia nne walicheka. Agnesi alicheka pia, na ndani ya shela uso uliwaka moto. Video ya harusi ilipokuja aliomba sehemu hiyo ikatwe. Haikukatwa.

*

Kutoka Posta alitembea kwa miguu hadi Mnazi Mmoja, akakaa kwenye ukingo wa zege penye kivuli na kupiga simu Machame. Mtandao siku hiyo ulikuwa safi.

"Baba Brightness."

"Naam."

"Nina kiapo chako mkononi."

Kulisikika kuku, na mtu akikata kuni mbali.

"Kipi?"

"Kwani viko vingapi?"

Elisaria alikohoa. Alianza na habari ya makontena ya vigae, Guangzhou huko China, jinsi mzigo ulivyokwama mwaka 2020 dunia ilipofungwa. Agnesi alimwacha hadi akachoka.

"Sikuulizi vigae. Nakuuliza mke."

"Waliniuliza kama ninaye. Nikasema ninaye. Wakasema lete cheti cha ndoa. Nikasema hatuna, tumeoana kimila, ila yupo, yuko pale nyumbani na watoto. Yule afisa akasema, mzee, bila cheti sisi huku tunahesabu huna. Jaza fomu hii, uape, usipoteze wiki mbili kwa kitu ambacho hakipo. Nikaapa."

"Kwa hiyo walijua nipo."

"Walijua."

Agnesi alisimama. Ritha alikuwa amemweleza jambo hili mara mbili, ili aelewe: tangu sheria iliporekebishwa, mkopaji akiapa kwamba hana mwenza, benki inahesabiwa imetimiza wajibu wake wa kuuliza, na mke anayejitokeza baadaye hupata kazi ngumu sana. Labda ionekane kwamba benki ilijua.

"Njoo useme hivyo mahakamani. Hayohayo, kama ulivyoniambia."

"Nikisema hivyo nimesema niliapa uongo. Kuapa uongo ni jela, Agnesi."

"Na usiposema?"

Kuni ziliendelea kukatwa. Ndipo Agnesi akauliza lile ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu ofisini kwa Ritha, na aliliuliza kwa sauti ndogo, kwa sababu alikuwa anaogopa jibu.

"Mzee Ansbert alipotuuliza. Wewe ulikuwa unaangalia dirishani. Ulijua?"

"Wewe ndiye uliyetaka shela."

"Nimekuuliza ulijua?"

"Nilikuwa nimeshaapa sina mke," Elisaria alisema. "Sikulala miezi mitatu. Nilitaka kiapo kile kiwe kweli."

Agnesi alikata simu. Alikaa pale hadi mwuza maji akamwuliza kama anaumwa. Miaka minne na miezi minane aliamini kwamba Jumamosi ile alipewa zawadi. Sasa hakujua alipewa nini. Siku iliyofuata Ritha alimwonyesha kwenye taarifa za akaunti, bila kutia neno, malipo matatu ya Desemba 2019 kutoka kwenye fedha za mkopo: ukumbi, keki, matarumbeta. Benki wataionyesha hiyo pia, alisema Ritha. Watasema mke alikula mkopo.

*

Ushahidi uliobaki ni watu na video ile. Onesphory, mpimaji, alipopigiwa simu alipokea kwa adabu. Agnesi alimkumbusha chai, vitumbua, mama mwenye nyumba.

"Nakumbuka yote mama yangu. Ila mimi napima kuta, sipimi ndoa. Na benki ndiyo inanipa kazi. Unisamehe." Tangu hapo namba yake haipatikani.

Hafidhi hakuhitaji kubembelezwa. Alikwenda Posta siku ya Jumatano kwa kanzu safi, akakaa mbele ya Ritha kama mtu aliyekuja kuposa.

"Andika hivi wakili. Mimi Hafidhi, nimepanga pale tangu mwaka elfu mbili na nne. Mwaka wa kwanza nilichelewesha kodi, Mangi akasema, hilo zungumza na mke wangu. Nikazungumza naye. Sikuchelewesha tena."

"Alisema 'mke wangu'? Maneno hayo?"

"Hayohayo. Na kama yule si mke wa mtu, basi mimi nilikuwa naogopa nini?"

Ritha alicheka, akaandika. Sheria ya ndoa, alimweleza Agnesi, huchukulia kwamba mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, wameoana, hadi mtu athibitishe vinginevyo. Hafidhi ni ushahidi wa watu. Mjomba aliyepokea mbuzi bado yuko hai Machame na ana kumbukumbu ya kila mguu wa mbuzi. Na ile video, ambayo Agnesi aliitaja kwa aibu, Ritha aliiangalia kwenye kompyuta hadi mwisho, akairudisha nyuma penye mshereheshaji, akairudisha tena.

"Watu mia nne," alisema. "Wanacheka kwa sababu wote wanajua. Hakuna hata mmoja anayeuliza miaka ishirini na miwili ya nini."

"Itachezwa mahakamani?"

"Itachezwa."

"Na cheti? Tukikiacha ukutani?"

"Nimeshafikiria. Benki watakitafuta, na watakipata kanisani ndani ya siku moja. Kikitoka kwao, sisi ni waongo. Kikitoka kwetu, tuna nafasi ya kueleza." Ritha alifunga kalamu. "Lakini maelezo yako ni ya namna moja tu, mama, na sitaki ujidanganye. Kiapo unachokwenda kuapa kinasema umekuwa mke tangu mwaka 1997. Cheti kinasema ulikuwa hujaolewa. Vyote viwili umesaini wewe. Kwa hiyo ama ulimdanganya mchungaji, ama unamdanganya jaji. Mwanasheria wa benki atakuuliza hivyo, kwa maneno hayo, na atakuuliza mbele za watu."

Agnesi sasa ni katibu wa kina mama kanisani kwao hapa mjini. Uongozi huo aliupata baada ya cheti. Alifikiria daftari la Mzee Ansbert, na wazee watano ambao alipiga magoti mbele yao akatubu kwa kuishi na mtu asiye mume wake, machozi yakimtoka, huku akijua moyoni kwamba mbege ilinywewa na mbuzi walihesabiwa.

"Nilimdanganya mchungaji," alisema.

Ritha hakuandika mara moja.

"Una uhakika? Ukishaapa hairudi."

"Andika."

Ijumaa tarehe 30 Agosti aliapa, mkono ukiwa juu ya Biblia ya kamishna wa viapo, yenye jalada lililolegea. Aya ya kumi na moja ya kiapo chake inasema kwamba maneno yaliyomo kwenye cheti chake cha ndoa kuhusu hali yake kabla ya tarehe 14 Desemba 2019 hayakuwa kweli, na kwamba aliyasema kwa hiari yake ili afungishwe ndoa kwa shela. Kesi ilifunguliwa siku hiyohiyo, pamoja na ombi la dharura la kuzuia mnada. Kwa thamani ya nyumba za Kariakoo, haikwenda kwenye baraza la ardhi la wilaya. Ilikwenda Mahakama Kuu.

Aliporudi Mtaa wa Mchikichi alikuta mkokoteni barazani. Hafidhi alikuwa anapakia marobota ya vitenge. Walitazamana juu ya mzigo.

"Tahadhari tu, Mama Brightness," Hafidhi alisema. "Nimepata stoo Mtaa wa Narung'ombe. Ushahidi wangu uko palepale. Lakini vitenge havijui mahakama."

"Chukua na kamba," Agnesi alimjibu. "Hiyo yako itakatika kabla ya kona."

Alimletea kamba. Hafidhi alifunga mzigo wake, mkokoteni ukaondoka. Kwenye ghorofa la jirani, wanaume watatu walisimama kwenye varanda ya orofa ya nne na kuangalia paa la nyumba yake. Mmoja alikuwa anaonyesha kitu kwa mkono, kutoka ukuta huu hadi ule. Fremu ya dhahabu haikurudi ukutani. Cheti kiko kwenye jalada la mahakama, kielelezo cha nne, na sebuleni pamebaki mraba wa rangi mpya.

Kwenye jalada la Ritha kuna kiapo kingine, cha kurasa mbili, kilichochapwa kwa jina la Elisaria Ndetaulwa Munisi. Kinasema kwamba aliapa uongo Machi 2019, na kwamba benki ilijua. Mahali pa sahihi pako wazi. Brightness alizungumza na baba yake Jumapili. Elisaria alisema atapanda basi la Jumatano asubuhi kutoka Moshi. Hakusema kama atasaini.

Ombi la zuio litasikilizwa Alhamisi tarehe 5 Septemba, saa tatu asubuhi. Jaji akilikubali, mnada utasimama hadi kesi iishe. Akilikataa, nyumba itauzwa Jumamosi tarehe 7, saa nne asubuhi, hapohapo barazani.